AHADI NI DENI: MICHEZO, USIKIVU NA KUJITAWALA KWA WATOTO WETU

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walezi wa kikundi cha michezo ya watoto, kambi ya Dzaleka, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika)







 

Asili ya siku ya leo tunaijua. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, na wengi wakauawa kwa risasi. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wale walikuwa wanataka wakubwa wawasikilize. Sisi leo tumeombwa tuseme juu ya upande wa pili: namna ya kumsaidia mtoto naye aweze kusikiliza, kutulia na kujitawala, na jinsi michezo inavyofanya kazi hiyo. Mwisho wa hotuba mtaona kwamba mambo haya mawili hayako mbali.

1. Malalamiko tunayoyasikia

Kila wiki tunasikia neno moja kutoka pande zote: "Mtoto huyu hasikii." Mama analisema nyumbani. Mwalimu analisema mbele ya darasa lenye watoto mia na zaidi. Anayegawa uji analisema watoto wanaposukumana. Wengine wanasema watoto wa siku hizi wana vichwa vigumu, wengine wanasema ni kambi imewaharibu, na wengine wanataja pepo.

Tusiwacheke wanaosema hivyo, kwa maana hali yenyewe ni ngumu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023, zilipoletwa hapa familia nyingi zilizokuwa zikiishi mijini, nyumba zilizokuwa na watu watano zikawa na watu tisa. Mtoto analala penye kelele, anaamka penye kelele. Wako watoto waliozaliwa hapa ambao hawajaiona Uvira wala Ngozi wala Kigali, na wako waliofika juzi wakiwa wamebebwa mgongoni usiku. Mtoto aliyekimbia usiku amejifunza kusikiliza vishindo, hakujifunza kusikiliza maneno. Mlango ukigongwa kwa nguvu yeye amekwisha simama. Ukimwambia "tulia", mwili wake haujui kama hatari imekwisha.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kumwita mtoto mkorofi, tujiulize kwanza: kutulia na kusikiliza amejifunzia wapi?

2. Kujitawala ni nini

Kujitawala si woga, na si ukimya. Ni kazi tatu ambazo akili ya mtoto inazifanya kwa pamoja. Ya kwanza ni kusikia agizo na kulishika kichwani mpaka litimizwe. Ya pili ni kujizuia: mkono unataka kunyakua, naye anausimamisha. Ya tatu ni kubadilika: tulikuwa tunafanya hivi, sasa tunafanya vile, naye anageuka bila kulia wala kupigana.

Sehemu ya ubongo inayosimamia kazi hizi iko mbele, nyuma ya paji la uso. Inakua kwa kasi kati ya miaka mitatu na mitano, na haimalizi kukomaa mpaka mtu amepita miaka ishirini. Mtoto wa miaka minne anayeshindwa kungoja ni sawa na mtoto wa mwaka mmoja anayeanguka akijaribu kutembea. Huyu wa mwaka mmoja hatumpigi kwa sababu ameanguka. Tunampa mkono, naye anarudia mara nyingi, mpaka miguu inakuwa na nguvu.

Tunajua wapo watakaosema: "Sisi tulilelewa kwa fimbo, na tuko hapa." Ni kweli. Nasi walezi wengi tulikua hivyo, na wengine tulianza kazi hii tukiwa na kijiti mkononi. Lakini tuliona jambo moja kwa macho yetu. Mwenye kijiti akiwapo, watoto wote kimya. Akitoka kwenda kuchota maji, vurugu inaanza kabla hajafika bombani. Watoto walikuwa wamejifunza kumwangalia mtu mwenye kijiti. Kujitawala ni kile kinachobaki mtu mkubwa akiwa ameondoka, na hicho kijiti hakikuwapa.

3. Kwa nini mchezo

Tumeulizwa mara nyingi: "Mnacheza tu, masomo wataanza lini?"

Mwaka 1933 mwalimu mmoja wa Urusi aliyeitwa Vygotsky alieleza kwamba mtoto akicheza anaweza mambo ambayo nje ya mchezo hayawezi. Kwa nje mchezo unaonekana ni uhuru mtupu, lakini ndani yake una sheria, na mtoto anazitii kwa hiari yake kwa sababu anataka mchezo uendelee. Mwaka 1948 mtafiti wa nchi hiyo hiyo, Z. V. Manuilenko, alichapisha uchunguzi uliolionyesha jambo hilo. Watoto wadogo waliambiwa wasimame bila kutikisika, wakashindwa upesi. Wakaambiwa wao ni walinzi wa zamu, wako lindoni; wakasimama kwa muda mrefu zaidi. Watoto ni wale wale na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kusimama kulikuwa na maana kwao.

Na huko Oregon, Marekani, mwaka 2011, watafiti Tominey na McClelland walichapisha matokeo ya watoto 65 wa shule ya awali. Baadhi yao walichezeshwa michezo ya duara mara 16: kucheza ngoma na kusimama ghafla, kufanya kinyume cha agizo, na mingine ya namna hiyo. Waliopata faida hasa ni wale walioanza wakiwa nyuma kwa kujitawala, yaani wale ambao sisi hapa tungewaita watukutu na kuwafukuza mchezoni. Ndugu zetu, tulishike hilo. Mtoto tunayemtoa nje ya duara kwa ukorofi ndiye duara lingemfaa kuliko wote.

4. Michezo tunayoitumia

Michezo hii haihitaji fedha. Inahitaji uwanja, dumu tupu la maji, kipande cha kitambaa na mtu mzima mwenye subira.

(a) Ngoma na kimya. Mlezi anapiga dumu, watoto wanacheza. Dumu likinyamaza, kila mmoja anasimama kama alivyokuwa, hata kama mguu uko juu. Wakishazoea, geuzeni: dumu likilia wasimame, likinyamaza wacheze. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana mwili unataka kwenda na akili inauzuia. Baadaye ongezeni mwendo: mdundo wa polepole wacheze haraka, mdundo wa haraka wacheze polepole. Tunaye mtoto asiyesikia. Kwa ajili yake tunainua kitambaa dumu linapolia na kukishusha linaponyamaza. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusimama.

(b) Nyama. Mchezo huu wengi mnaujua. Kiongozi anataja mnyama. Kama analiwa, watoto wanaruka na kuitika "Nyama!" Kama haliwi, wanakaa kimya bila kutikisika. Kiongozi hodari anataja ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki, halafu ghafla paka.

Mara ya kwanza tulipoucheza hapa, mchezo ulivunjika. Kiongozi alisema nguruwe: nusu wakaruka, nusu wakasimama, kila upande ukidai wenzao wamekosea. Akasema panya: watoto wa vijiji jirani waliokuwa wamekuja kucheza nasi wakaruka, kwa kuwa hapa Malawi panya wa shambani, mbewa, ni kitoweo, wa kwetu wakawacheka, na ugomvi ukaanza. Tukaketi chini wote. Watoto wenyewe wakakata shauri kwamba kabla ya kuanza kundi litakubaliana wanyama gani wamo, na kwa nguruwe na panya kila mtu atafuata desturi ya nyumbani kwao, wala hapana wa kumcheka mwenzake. Waliotoa shauri hilo walikuwa na umri wa miaka saba na minane. Tangu siku hiyo hatuanzi mchezo wowote kabla ya watoto kuzitaja sheria kwa vinywa vyao.

(c) Ujumbe wa sikio. Watoto kumi wanakaa mstari mmoja. Wa kwanza ananong'onezwa neno, naye anamnong'oneza wa pili, mpaka mwisho. Wa mwisho anasema kwa sauti. Kwa wadogo neno moja linatosha; kwa wakubwa toeni agizo zima: "Nenda kwa bibi, chukua ungo, rudisha kisu." Tunacheza kwa Kiswahili, na siku nyingine tunachanganya Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe na Chichewa. Neno likiharibika njiani watoto wanacheka, halafu wanauliza wenyewe: "Limepotea kwa nani?" Hapo tunawafundisha kusema, "Sikusikia, rudia tafadhali." Watoto wengi hawakujua kwamba inaruhusiwa kusema hivyo kwa mtu mkubwa.

(d) Kuigiza. Wapeni watoto nafasi waigize zahanati, soko, darasa, harusi. Watoto wetu huigiza pia foleni: mmoja ni mwandishi mwenye karatasi, wengine wamepanga mstari wakiwa na kadi za majani ya mti. Msiwacheke. Anayeigiza mama mwenye subira kwenye foleni anajifunza subira. Wengine huigiza vita, na wazazi wengi wanashtuka. Tunashauri msiwapige. Kaeni karibu mtazame. Kama mchezo una mwanzo na mwisho, na mwishoni watoto wanacheka na kwenda kunywa maji, waacheni. Kama ni mtoto mmoja anayerudia jambo lile lile kila siku, wala hachangamki, mjulisheni mshauri au muuguzi.

(e) Bao. Kwa wenye miaka minane na zaidi. Wamalawi wana bawo, Wanyarwanda na Warundi wana igisoro, wazee wetu wengi wanacheza. Chimbeni mashimo ardhini, tumieni kokoto au mbegu. Bao linamlazimisha mtoto angoje mwenzake amalize, ahesabu kabla ya kushika, na ashindwe bila kupindua mashimo. Wazee wetu wanaokaa bila kazi, tunawaomba mtusaidie hapa.

5. Zamu isiyofika

Sasa tunaomba kueleza kosa letu wenyewe, kwa kuwa lilitufundisha kuliko semina zote.

Tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Hatutamtaja. Katika mchezo wa ngoma, kila mtoto hupata zamu ya kupiga dumu. Mtoto huyu hakuweza kungoja. Alinyakua kijiti, alisukuma, aliuma. Siku moja tulimwambia kwa upole, "Keti hapa, ngoja, zamu yako inakuja." Akaketi. Alingoja watoto wanne wakapita, na sote tukafurahi kwamba sasa ameanza kubadilika. Kisha saa ya uji ikafika, tukafunga mchezo, tukasahau.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu hakuja. Siku ya nne alikuja akasimama mbali, na alipopita karibu alilipiga dumu teke likaviringika. Tulianza kusema yale yale: mkorofi, hasikii. Bibi mmoja wa kikundi chetu akatunyamazisha. Alisema, "Huyu mtoto alisikia vizuri sana. Ninyi ndio hamkusikia. Alingoja, na hamkumpa." Hatukuwa na jibu.

Tukabadilisha utaratibu. Sasa kila mtoto akifika anaweka kokoto lake kwenye mstari karibu na dumu. Mstari wa kokoto ndio zamu. Mtoto akimaliza kupiga, analiondoa kokoto lake. Saa ya uji ikifika kabla ya mstari kuisha, kokoto zilizobaki hazitupwi: zinawekwa ndani ya kopo, kwa mpangilio ule ule, mbele ya macho ya watoto, na kesho tunaanzia hapo. Yule mtoto alitazama siku mbili bila kuweka kokoto. Siku ya tatu akaweka. Zamu yake haikufika siku ile. Kesho yake alikuja mapema kuliko sisi, akaketi karibu na kopo. Tulipolifungua, kokoto lake lilikuwa la pili. Alingoja.

Hatusemi kwamba amekuwa malaika. Bado anapigana mara kwa mara. Lakini anaweza kungoja, kwa sababu ameona kwamba kungoja kwake kunazaa kitu.

6. Ahadi na subira

Baadaye tulijifunza kwamba wataalamu nao wameliona jambo hili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu Walter Mischel na wenzake huko Stanford, Marekani, walikuwa wakiwapima watoto kwa peremende: kula moja sasa, au ngoja upate mbili. Watu wengi wakafikiri asiyengoja ana moyo dhaifu. Lakini mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Rochester, wa watoto 28. Kabla ya kipimo, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa kama walivyoahidiwa. Nusu wakaambiwa, "Samahani, havipo." Ndipo ikaja peremende. Wale ambao ahadi yao ilitimizwa walingoja kwa wastani dakika 12 hivi. Wale waliovunjiwa ahadi, dakika 3 hivi.

Na mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mwingine, wa watoto wa miaka minne wa wakulima wa kabila la Nso, nchini Kameruni, pamoja na watoto wa mjini wa Ujerumani. Wa Nso walingojea andazi la pili karibu 7 kati ya 10. Wa Ujerumani, karibu 3 kati ya 10. Basi asije mtu akatuambia kwamba mtoto wa Kiafrika hana subira, au kwamba subira tumeletewa na wageni. Malezi ya vijijini kwetu yalijua kuijenga, na michezo ya uwanjani ilikuwa sehemu yake.

Basi ni kitu gani kimepungua hapa? Twaomba mtuvumilie tuseme wazi. Mtoto wa kambi amelishwa ahadi. Tangu ana miaka mitatu anasikia, "Kesi yetu ikipita, tutaondoka." Leo ana miaka kumi, na mabegi yale yale yako chini ya kitanda. Anasikia, "Fedha za chakula zikifika nitakununulia viatu." Zikifika, hazitoshi hata unga na ndagala. Anasikia kutoka kwa wageni, "Tutarudi." Sisi wazazi hatukusema uongo kwa makusudi. Tulisema tulichotumaini, na wakati mwingine tulisema ili mtoto anyamaze alale. Lakini mtoto hawezi kutofautisha tumaini na ahadi. Anahesabu tu kilichofika na ambacho hakikufika. Akimaliza kuhesabu, anajifunza kunyakua. Mahali ambapo zamu haifiki, mwenye kunyakua ndiye mwenye akili.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunawaambia watoto methali hiyo kila siku. Lakini wahenga hao hao walisema, ahadi ni deni. Hiyo ya pili ni yetu sisi wakubwa, na ndiyo inayoipa ya kwanza nguvu. Mtoto atalisikia la mkuu ikiwa la mkuu huwa kweli.

Hapa ndipo mchezo unapotusaidia. Mambo makubwa ya maisha yetu hatuyashiki mikononi. Hatujui faili itapita lini. Lakini mchezo ni ahadi ndogo ambayo inaweza kutimizwa leo, kabla ya saa ya uji. Dumu likinyamaza, wote wanasimama, na mtoto wa kiongozi vilevile. Kokoto lako likifika mbele, unapiga. Siku baada ya siku mtoto anaona mahali pamoja duniani ambapo sheria haibadiliki na zamu inafika. Kutokana na hilo anaanza kuthubutu kungoja.

7. Maombi yetu

Kwa wazazi na walezi. Tunaomba dakika kumi kwa siku, si zaidi. Mchezo wa kimya wakati ugali unapikwa. Ujumbe wa sikio kabla ya kulala. Hadithi inayokatwa katikati, mtoto aseme nini kitafuata. Mkimwita mtoto, msogeleeni, mwinameni, mtajeni jina, mpeni agizo moja, halafu mngojeni. Msipige kelele kutoka ndani ya nyumba. Na msiahidi msichokishika. Semeni, "Sijui, nikijua nitakuambia." Neno hilo mtoto analiweza. Tunaomba pia wasichana waachiwe nafasi. Mchana huu tazameni uwanjani: wavulana wanacheza, dada zao wako bombani, au wamesimama pembeni na mdogo mgongoni. Waje na wadogo zao. Tutawapokea wote.

Kwa walimu. Tunajua wingi wa wanafunzi wenu. Mchezo wa dakika tatu kati ya somo na somo haupotezi muda. Unawarudisha watoto kwenu. Nanyi mnapomtoa mtoto nje, mwambieni atarudi lini, na arudi saa hiyo.

Kwa ndugu wafanyakazi wa mashirika. Tunawashukuru kwa kazi yenu, nanyi mnajua tunasema kwa mapenzi. Mkija na mipira, njooni pia na ratiba, na ratiba iwe ya kweli. Ni afadhali mje mara moja kwa mwezi miaka miwili kuliko kila siku wiki mbili. Kama mradi unakwisha, waambieni watoto unakwisha, waageni, chezeni mchezo wa mwisho. Haki ya mtoto kucheza na kupumzika imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990. Tangu mwaka 2024, tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Hivyo uwanja wa watoto usiwe wa kwanza kunyang'anywa nafasi ikipungua.

Kwa wote. Mchezo hautibu kila kitu. Mtoto asiyesikiliza huenda hasikii kabisa. Simameni nyuma yake, mwiteni kwa sauti ya kawaida. Kama hageuki, au sikio linatoa usaha, mpelekeni zahanati. Mtoto mwenye njaa hawezi kutulia, nalo hilo halina mchezo. Na mtoto anayeamka usiku akipiga yowe, aliyeacha kusema, au asiyetaka kucheza na yeyote kwa wiki nyingi, anahitaji msaada zaidi ya wetu. Kumpeleka si aibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanzo tulisema watoto wa Soweto walitaka kusikilizwa, nasi tunataka watoto wetu wasikilize. Bibi yule wa kikundi chetu ameyaunganisha yote mawili: mtoto alisikia, sisi ndio hatukusikia. Tukianza sisi, wao watafuata.

Baada ya hotuba hii tutacheza Ngoma na Kimya, watoto pamoja na wageni waalikwa. Kopo la kokoto liko mbele yenu. Tunamwomba Mwenyekiti aweke la kwake kama wengine, angoje zamu yake.